Ufa wa chesisi umerudi tena: soma dalili kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea

"Fundi, ule ufa umerudi." Simu ya namna hii naipokea mara kwa mara, na anayepiga huwa kando ya barabara: Chimala, Igawa, au ameegesha Ilula akisubiri injini ipoe baada ya kuumaliza mlima wa Kitonga. Lori ni lilelile, upande ni uleule, na ufa uko vidole viwili kutoka pale ulipochomelewa mwezi uliopita. Tajiri amekasirika. Dereva anamlaumu fundi, fundi anamlaumu dereva kwa kujaza lumbesa za viazi mpaka juu ya kabini. Chuma chenyewe hakijaulizwa.

Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje na kuukunjua. Mara ya kwanza haukatiki, ya tano haukatiki, baadaye unabaki na vipande viwili mkononi. Hukuuvuta ukakatika, umeuchosha. Chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, nayo inachoshwa hivyohivyo, ila kwa kunjo dogo usiloliona kwa macho, tena mara nyingi mno: kila tuta, kila shimo, kila kona ya Kitonga ambapo kichwa kimeshaelekea huku na tela bado linatazama kule.

Waliojifunza mambo haya kwa gharama kubwa kuliko sisi ni watu wa ndege, na somo moja lilitokea hapa jirani. Tarehe 14 Mei 1977, Boeing 707 ya mizigo ya kampuni ya Dan-Air ilikuwa inakaribia kutua Lusaka. Bawa dogo la mkia, upande wa kulia, likakatika hewani. Watu wote 6 waliokuwemo walikufa. Boriti ya nyuma ya bawa hilo ilikuwa na ufa wa uchovu uliokua kidogo kidogo bila kuonekana. Waliolisanifu walikuwa wameweka njia ya akiba: sehemu moja ikipasuka, nyingine ibebe. Hesabu ilikuwa sawa kwenye karatasi, lakini hakukuwa na ukaguzi wa kuuona ufa wa kwanza kabla akiba nayo haijaelemewa. Mwaka uliofuata kanuni za usanifu Marekani zilibadilika. Tangu hapo haitoshi kusema kuna akiba. Lazima ujue ufa unakua kwa kasi gani, kisha upange ukaguzi uutangulie.

Kwenye gereji zetu tunajua sana kuchomelea, ratiba hiyo hatuna. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata dalili ninazoletewa mara nyingi, kila moja na visababishi vyake, nikianza na kile ninachokikuta zaidi.

Kwanza osha, halafu chaki

Usikague chesisi chafu. Vumbi la Chunya likishikana na grisi linaziba ufa wa urefu wa kiganja. Osha, piga brashi ya waya, acha ikauke. Gari likae juu ya stendi za chuma au magogo ya uhakika. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kama ni dakika moja.

Kisha fanya hivi. Paka mafuta ya taa kwa brashi ndogo pale unapopatilia shaka. Subiri kama robo saa. Asubuhi za Juni na Julai huku Mbeya subiri zaidi, maana chuma kikiwa baridi mafuta yanapenya polepole. Futa kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kisitoke na unyevu. Sasa paka chaki iliyosagwa na kukorogwa kwenye spiriti. Spiriti inaruka, chaki inabaki nyeupe kama chokaa mpya. Mwambie utingo apande juu ya gari na kushuka mara mbili tatu. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanarudi juu na kuchora mstari wa kijivu, mwembamba kama unywele, na mara nyingi mrefu kuliko ulivyotarajia. Nimeuona mstari huo mara nyingi, na bado kila ukijitokeza nanyamaza kidogo.

Dawa ya rangi nyekundu inayouzwa kwenye makopo ya kupuliza ni bora zaidi, kama bajeti inaruhusu. Kwa njia yoyote, moto uwe mbali, na usafishe mafuta yote kabla ya kuchomelea, la sivyo weld, yaani mshono wa kuchomelea, itajaa matundu kama andazi.

Jambo moja la majina. Chesisi ya lori ina umbo la herufi C: ukuta wa wima na midomo miwili, wa juu na wa chini. Nitasema "ukuta" na "mdomo", na tofauti ya hivyo viwili ndiyo inayoamua kama leo unaondoka au unalala.

Dalili: mstari wa kutu au rangi iliyopasuka

Mara nyingi ni bolti au riveti iliyolegea. Utaona unga mwekundu umezunguka kichwa cha bolti, kama mtu amepuliza pilipili ya unga. Ni vyuma viwili vinavyosuguana. Weka spana: nati ikigeuka, umepata jibu. Usiikaze tu ukaondoka. Itoe, angalia kama tundu limetanuka na kuwa yai, weka bolti mpya ya daraja lilelile.

Ikiwa nati haigeuki na unga upo, piga chaki kuzunguka tundu. Ufa unapenda kuanzia kwenye tundu, na zaidi tundu lililotobolewa mtaani kwa gesi ili kufungia tangi la pili la mafuta au boksi la vifaa. Tundu la gesi lina kingo kama za meno ya msumeno, na kila jino ni mwanzo wa ufa. Toboa kwa drili, toboa ukutani, na usitoboe mdomo wa chesisi kwa sababu yoyote ile.

Mara chache, rangi yenyewe ndiyo imepasuka kwa uzee. Chaki itakuambia.

Ufa ukiwa ukutani, mbali na midomo, una muda wa kushusha mzigo kwa utaratibu na kupanga matengenezo. Ufa ukiwa umefika kwenye mdomo, hasa mdomo wa chini kati ya ekseli ya mbele na za nyuma, simama hapohapo. Huko ndiko chuma kinakovutwa gari likibeba. Shusha mzigo kwenye gari jingine, na lori livutwe likiwa tupu.

Dalili: ufa umerudi pembeni ya weld

Hii ndiyo iliyonifanya niandike, nami ninayo dhambi yangu. Miaka ya nyuma nililetewa lori la mbao kutoka Mafinga, ufa ukutani, urefu wa kidole. Nilisugua, nikachomelea, nikaweka plati ya mraba juu yake na kuizungushia weld pande zote nne. Ilipendeza, nikaipaka na rangi. Wiki tatu baadaye lori likarudi, plati yangu ikiwa nzima kabisa, na ufa mpya umenyooka kama rula kwenye ukingo wake wa wima, juu mpaka chini. Plati haikuvunjika kwa sababu ilikuwa ngumu kuliko chesisi. Kunjo lote lilihamia pale ilipoishia.

Visababishi, kwa mpangilio wa ninavyokutana navyo:

1. Mwisho wa ufa haukupatikana. Fundi alichomelea alichokiona. Sehemu iliyobaki, nyembamba isiyoonekana bila chaki, iliendelea na safari yake.

2. Plati ya mraba yenye weld ya wima kama yangu. Inahamisha tatizo, haitibu.

3. Kilichousababisha hakijaguswa: springi iliyokatika jani, krosimemba (boriti ya kukatisha inayounganisha pande mbili za chesisi) iliyolegea, mzigo uliorundikwa nyuma, au uzito uliopita kiasi. Kituo cha mizani cha Mpemba kinapima ekseli, hakipimi uchovu. Na ukipita chini ya tani 56, ambazo ndizo ukomo wa gari zima kwa sheria ya Afrika Mashariki, bado ekseli moja inaweza kuwa imeonewa. Kwenye kiungo cha kuchomelea, ukizidisha msongo, yaani nguvu inayokivuta chuma, mara mbili, uhai wake haupungui nusu. Unashuka mpaka kama sehemu moja ya nane.

4. Joto. Chesisi za baadhi ya malori ya kisasa ni chuma kilichoivishwa kiwandani. Ukikichoma ovyo, pembeni ya weld tabia yake inabadilika. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wanakataza kabisa kuchomelea, na wengine wanaruhusu kwa masharti tu. Tafuta kitabu cha gari kabla ya fimbo za kuchomelea.

5. Fimbo zenye unyevu. Msimu wa mvua, Uyole mpaka Tukuyu, pakiti iliyofunguliwa na kuachwa kwenye kona ya gereji haifai kazi hii. Unyevu unaingiza gesi ndani ya weld na kupasua chuma kutoka ndani, pengine siku moja au mbili baada ya kupoa.

Unaporekebisha, anza na chaki upate mwisho wa ufa pande zote mbili. Toboa tundu dogo la mviringo kwa drili pale mwisho kabisa, au mbele yake kidogo, kisha lainisha kingo zake. Ncha ya ufa ni kali mno. Tundu linaifanya butu. Lakini tundu peke yake ni la kukufikisha gereji, usilihesabu kama tiba. Toa nyaya za betri, chomoa kompyuta ya gari kama ipo, na bana waya wa ardhi karibu na kazi ili umeme usipite kwenye beringi. Chimba ufa wote kwa grenda mpaka uwe mfereji wa V, choma kwa fimbo kavu za hidrojeni ndogo, zile za 7018, mpaka weld itokee upande wa pili, halafu sugua isawazike na chesisi, ukisugua kufuata urefu wa chesisi. Mikwaruzo inayokata upana ni nyufa changa.

Kama kuna haja ya plati, ikate ncha zake kwa mshazari mrefu, ifunge kwa bolti ukutani, na miisho ya plati ya ndani na ya nje isikutane mahali pamoja. Watu wa ndege walilipia kosa la plati. Agosti 1985 Boeing 747 ya Japan Airlines ilianguka na kuua watu 520. Miaka saba nyuma mkia wake ulikuwa umegonga barabara ya kutua, na ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya ndani ukatengenezwa kwa plati ya kuunganishia iliyokatwa vipande viwili badala ya kuwa moja. Mzigo wa safu mbili za riveti ukabebwa na safu moja. Kwa nje kazi ilionekana imekwisha vizuri, na ndege iliruka nayo miaka yote hiyo.

Acha kazi uite fundi mwenye idhini ya mtengenezaji ikiwa: ufa umekata mdomo, ufa umerudi mara ya pili mahali palepale, kuna nyufa mbili au zaidi zinazoelekeana, au uko karibu na boksi la usukani. Hapo kuna swali la kubadilisha kipande chote, na jibu lake si la kwenye gereji yangu wala yako. Nikiwarudishia watu gari kwa sababu hiyo, wengine wananuna na kwenda gereji ya pili. Wakati mwingine nakutana nalo tena barabarani.

Dalili: gari linakwenda mshazari, au tela linafuata likiwa limepinda

Usikimbilie chesisi. Mara nyingi ni senta-bolti ya springi, ile inayopita katikati ya majani yake, iliyokatika, na ekseli imesogea. Pima kwa futi ya kamba: kutoka katikati ya ekseli hadi alama moja ya chesisi, kushoto na kulia. Vipimo vikitofautiana, kagua yu-bolti, zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Yu-bolti zilizolegea ndizo zinazokata senta-bolti. Ukibadilisha senta-bolti bila kuzikaza yu-bolti kwa kipimo, utarudi. Baada ya hapo angalia bushi za fimbo zinazoshikilia ekseli, halafu mabano ya springi. Mabano yakiwa na ufa unaoingia ndani ya chesisi, rudi kwenye dalili iliyotangulia.

Vipimo vikilingana na bado gari linapinda, chesisi yenyewe imepinda. Hilo linahitaji mashine ya kunyooshea na mtu anayeijua. Kupasha moto na kuvuta kwa mnyororo uliofungwa kwenye mwembe nimeshakuona. Sitaki kukuona tena.

Dalili: stadi za tairi zinakatika

Stadi ni bolti zinazoshika tairi kwenye habu. Karibu kila mara zilikuwa zimelegea. Sababu kubwa ni rangi nene au kutu kati ya rimu na habu: inasagika barabarani, nafasi inabaki. Futa mpaka chuma kitupu. Kaza kwa spana ya kipimo, kwa namba ya kitabu cha gari, kisha kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Bomba refu juu ya spana na watu wawili wa kuning'inia linavuta stadi kupita kiasi, nayo itakatika baadaye ukiwa mteremko wa Iwambi. Stadi moja ikikatika, badilisha na za jirani yake zote. Zilibeba mzigo wake.

Dalili: kioo cha mbele cha basi kinapasuka chenyewe, mlango haufungi

Kioo cha pili ndani ya mwaka mmoja si bahati mbaya, na si jiwe. Bodi inajikunja. Angalia kwanza raba za kufungia bodi kwenye chesisi, halafu pembe za matundu ya madirisha na mlango. Pembe kali ya tundu ndiko msongo unakojikusanya. Ndege za abiria za Comet, za Uingereza, zilipasuka angani mara mbili mwaka 1954. Bodi ya mojawapo ya aina hiyo ikawekwa ndani ya tangi la maji na kujazwa shinikizo mara kwa mara kama vile inaruka, mpaka ikapasuka kwenye pembe ya tundu lililokatwa kwenye bodi. Madirisha ya ndege leo yana pembe za mviringo. Mafundi wanaounda bodi za mabasi, hasa wanaoongeza dirisha au kukata mlango wa dharura baadaye, pembe zenu zizungushwe, na nguzo iliyokatwa irudishiwe nguvu yake.

Nguzo ikiwa na ufa chini kabisa, inapokutana na sakafu, basi lisichukue abiria.

Dalili: tela linagonga kwenye kichwa ukishika breki au ukiondoka

Huenda ni kufuli ya sahani ya kichwa, ile tela linapokalia, imelika tu na inarekebishika. Lakini kagua kipini cha tela, kile kinachoingia kwenye kufuli hiyo, na sahani yake ya juu: piga chaki pale kipini kinapoota kwenye sahani, zunguka mzima. Ukiona mstari wowote, hata wa nusu sentimita, tela haliondoki. Usichomelee kipini. Badilisha kwa mtu mwenye vifaa. Sina la kuongeza hapo, kwa sababu Kitonga haikupi nafasi ya kukosea mara ya pili.

Ratiba: hesabu safari, usihesabu miaka

Tajiri akiniambia "gari bado jipya, lina miaka minne," namuuliza limejazwa na kushushwa mara ngapi. Lori la ndizi na makaa linalokwenda Kiwira na kurudi kila siku linajazwa na kushushwa mara nyingi sana kuliko la Dar hadi Tunduma, hata kama kilomita ni chache. Kinachochosha ni kujazwa, kukunjwa na kushushwa.

Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines iliyokuwa ikiruka safari fupifupi kati ya visiwa vya Hawaii ilipoteza sehemu ya paa lake la mbele angani. Mhudumu mmoja alikufa, marubani wakaitua. Saa zake za kuruka zilikuwa 35,496, lakini ilikuwa imeruka mara 89,680, na kila mruko bodi inavimba na kunywea. Nyufa ndogo kwenye safu ya riveti zilikuwa zimeungana. Abiria mmoja alikuwa ameona ufa wakati anapanda, akanyamaza. Mwaka 2010 ndipo Marekani ikatoa kanuni inayowadai watengenezaji waweke ukomo wa miruko au saa kwa kila aina ya ndege kubwa. Ukomo ukifika ndege hairuki, isipokuwa ukomo huo umeongezwa kwa ushahidi.

Malori yetu hayana ukomo wa namna hiyo, kwa hiyo tunajiwekea. Mimi na wateja wangu wa mbao tumekubaliana hivi: macho na tochi kila baada ya safari 10, chaki kila baada ya 40. Ufa wa kwanza ukishapatikana, namba hizo zinakatwa nusu kwa gari hilo, maisha yake yote, hata kama ulitibiwa vizuri. Gari lililowahi kupinduka au kugongwa linaanza moja kwa moja kwenye nusu.

Daftari likae ndani ya gari, wala si mezani kwa tajiri. Kila ukurasa una tarehe, idadi ya safari, mahali palipokaguliwa na urefu wa ufa kwa milimita. Chora alama ya ncha yake kwenye chesisi kwa msumari wa kuandikia chuma, na tarehe pembeni. Safari ijayo, kama mstari wa chaki umeipita alama, huna la kujadiliana na dereva.

Na utingo aruhusiwe kuandika humo. Yeye ndiye anayelala chini ya tela kuweka vigingi, na ndiye anayeona unga mwekundu kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwenye gari moja ninalolihudumia, mstari wa kwanza kabisa wa daftari umeandikwa na kijana wa miaka ishirini na kitu, kwa penseli: "bolti ya tatu kushoto inatoa pilipili." Ilikuwa krosimemba. Tulibadilisha bolti nne, tukarudi nyumbani saa kumi.